Shoka, Jembe na Barabara ya Matombo

Aliye na chai aisogeze karibu, tuzungumze.

Jioni ya leo nataka tuzungumzie alama za askari, hasa askari wa aina moja, yaani askari mhandisi. Jeshini wanamwita mhandisi medani. Ni yule anayetandika daraja ili wenzake wavuke, anayetegua mabomu yaliyofukiwa ardhini, anayechonga njia ubavuni mwa mlima, anayetafuta maji ili kambi ipate kunywa. Kazi yake huanza kabla risasi haijalia, na vita vikiisha bado ana kazi. Sasa swali langu la kwanza ni hili: askari huyu anavaa nini cha kumtambulisha? La pili ndilo hasa lililonileta hapa: sisi tunaoishi chini ya Milima ya Uluguru, mahali ambapo kazi hiyo ilifanywa kwa jasho na kwa roho za watu, alama yake tunaiona wapi?

Tuanze na lile la kwanza.

Ukiwa stendi ya Msamvu na askari akapita mbele yako, macho yanakwenda wapi? Yanakwenda mkononi na begani. Tepe moja, huyo koplo usu. Mbili, koplo. Tatu, sajenti. Ukiona nyota begani unajua huyo ni afisa, na zikiwa tatu ni kapteni. Hizo zote zinasema cheo. Lakini majeshi mengi yana alama nyingine, mara nyingi iko kwenye kofia au juu ya mkono, ambayo haisemi cheo. Inasema kazi. Mimi ni wa mizinga. Mimi ni wa tiba. Mimi ni wa uhandisi. Na hapo kuna jambo zuri sana, msikilizaji: askari aliyeingia jana na kanali wake wanavaa alama ile ile moja. Ni kama nembo ya Mtibwa Sugar kwenye jezi. Nahodha anayo, na kijana anayesubiri benchi anayo vilevile, wala yake haijapunguzwa ukubwa.

Na alama si mapambo. Mnakumbuka mwezi Agosti 2023, Jeshi la Wananchi lilipotangaza siku saba kwa raia wote wenye mavazi yanayofanana na ya jeshi wayasalimishe? Wapo walioshangaa. Nguo tu, tena imenunuliwa mnadani, ina shida gani? Shida ni kwamba alama ni ahadi. Anayeivaa anasema amekula kiapo, anajua kazi fulani, na yuko chini ya amri ya mtu anayejulikana. Akiivaa asiyekula kiapo, ahadi hiyo inakuwa ya uongo, na siku ya hatari watu wataumia kwa kumwamini asiyestahili kuaminiwa.

Haya, wahandisi wa majeshi ya dunia wanavaa nini? Ukichungulia huku na huko utaona mambo matatu yanajirudia.

La kwanza ni chombo cha kazi. Shoka ndilo linaloongoza. Katika jeshi la Uingereza, askari wa upainia, yaani wale wanaotangulia mbele kufungua njia, huvaa mkononi alama ya mashoka mawili yaliyopishana. Warusi nao wametumia mashoka yaliyopishana kwa wahandisi wao tangu zamani. Na kule Ufaransa, kila tarehe 14 Julai kwenye gwaride kubwa la Paris, kikosi cha Legioni ya Kigeni hutanguliwa na mapainia wenye ndevu ndefu, wamevaa aproni za ngozi, na begani hawana bunduki ila shoka. Tafakari picha hiyo: jeshi la nchi yenye silaha za kila namna, na aliyewekwa mbele ni mtu mwenye shoka.

La pili ni ngome. Wahandisi wa jeshi la Marekani wanavaa jengo la ngome lenye minara, na wamekuwa nalo tangu karibu mwaka 1840. Ujenzi wa ngome za pwani ulikuwa miongoni mwa kazi zao kubwa za mwanzo, basi wakaivaa kazi yenyewe.

La tatu ni bomu linalowaka. Wahandisi wa Kifalme wa Uingereza wana alama ya bomu lenye ndimi tisa za moto. Lakini kwao kuna kitu kinachonigusa kuliko hilo bomu. Vikosi vya Kiingereza vina desturi ya kuandika kwenye bendera zao majina ya vita walivyopigana, na kikosi kikipata jina jipya ni sherehe. Wahandisi hawana orodha hiyo. Mwaka 1832 Mfalme William wa Nne aliwapa, wao pamoja na watu wa mizinga, neno moja tu la Kilatini, Ubique, yaani kila mahali. Hakuna vita ambavyo hawakuwemo, kwa hiyo hapana haja ya kuhesabu. Wahandisi wa jeshi la India wanasema jambo hilohilo kwa lugha yao, Sarvatra.

Nirudie hapo, msikilizaji, kwa sababu tutalihitaji mbele. Alama ya mhandisi wa jeshi, popote utakapokwenda, inasema mambo haya: chombo chake cha kazi, kitu alichojenga, na kwamba alikuwepo kila mahali. Shikeni hayo. Sasa turudi nyumbani.

Mwaka ni 1916. Vita Kuu ya Kwanza imefika kwetu. Tarehe 26 Agosti majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts wa Afrika Kusini yanaingia Morogoro mjini. Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck wameshaondoka. Smuts alitaka kuwazingira hapo. Hakufanikiwa. Walishuka kusini, wakaizunguka Uluguru pande zote mbili, upande wa Mgeta na upande wa Matombo, wakaenda kukusanyika Kisaki. Na walipokuwa wanaondoka walivunja madaraja ya reli ile ile waliyoijenga wao wenyewe, iliyokuwa imefika Morogoro mwaka 1907.

Ninyi mnaoijua Uluguru mnajua maana ya kuwafuata. Lupanga peke yake, huu mlima unaotutazama hapa mjini, unapita mita 2,100. Kimhandu kule kusini unapita mita 2,600. Miteremko inakatika ghafla, mito haihesabiki, udongo ukilowa unateleza kama umepakwa mafuta. Majeshi ya Smuts yalikuwa na magari, mikokoteni ya ng'ombe na mizinga. Upande wa magharibi, walipofika Mgeta njia ya magari iliwaishia mlimani, mikokoteni ikabidi igeuzwe irudi ilikotoka. Upande wa mashariki ndiko njia ilikofunguliwa, ikapita Matombo, ikashuka kwenye tambarare mpaka Kisaki. Na inaposemwa ilifunguliwa, maana yake ni miamba kupasuliwa, kingo za mlima kukatwa ili gurudumu lipate pa kukanyaga, miti kuangushwa, madaraja ya magogo kutandikwa juu ya mito. Katikati ya mwezi Septemba Wajerumani walikuwa wamekwishaihama Kisaki.

Na reli? Waingereza waliyatengeneza madaraja kwa mbao na magogo. Hayakuwa na nguvu ya kubeba garimoshi, basi wakachukua malori, wakayafunga magurudumu ya reli, wakayapitisha juu ya reli. Chakula cha askari kikaenda mpaka Dodoma kwa njia hiyo. Huo ni uhandisi medani wenyewe; unatumia kilichopo, na kesho asubuhi mtu anavuka.

Nani aliyefanya kazi hizo? Katika vita hivi vya Afrika Mashariki walikuwepo mapainia wa Kihindi wa kikosi cha 61, wachimbaji wa Faridkot kutoka Punjabu, na mapainia kutoka Afrika Kusini. Hao walikuwa na vikosi vyao, walikuwa na alama zao, na historia zao zimeandikwa vitabuni. Lakini, wenzangu, panapojengwa barabara mlimani kuna mkono unaoshika mtaimbo, kuna mgongo unaobeba jiwe, kuna kichwa kinachojitwika gunia la unga ili huyo mwenye mtaimbo ale. Mikono na migongo hiyo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa yetu. Maelfu kwa maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi na vibarua, wengi wao kwa nguvu, na pande zote mbili za vita zilifanya hivyo. Kambi yao pale Dar es Salaam ndiyo mahali tunapopaita Kariakoo mpaka leo. Waliokufa upande wa Waingereza peke yao, wanahistoria wengine wanakadiria wanafika karibu 100,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu.

Na sasa nauliza lile swali. Watu hawa walivaa nini? Tulisema alama ya mhandisi ni chombo chake, ni alichojenga, na ni kule kuwapo kila mahali. Je, yupo aliyekuwa kila mahali kuliko mpagazi? Shoka alikuwa nalo mkononi. Barabara aliijenga. Lakini hakupewa beji ya kofia. Alichopewa ni kisahani chenye namba, cha kumwezesha karani kumhesabu na kujua kama amelipwa. Namba haikusema anajua nini, wala amefanya nini.

Twende mbali kidogo, kwa sababu jambo hili halikuishia kwenye nguo. Lilifika mpaka makaburini.

Hapa hapa Morogoro mjini kuna makaburi ya askari wa vita ile, yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo ina desturi inayojulikana dunia nzima: kwenye jiwe la askari huchongwa jina lake, tarehe aliyokufa, na alama ya kikosi chake. Kwa hiyo mhandisi aliyekufa akiwa na miaka ishirini, mtu akipita baada ya miaka mia atalitazama jiwe na kusema, huyu alikuwa mhandisi. Ni heshima kubwa, na nina furaha kwamba ipo. Lakini wapagazi na vibarua hawakuchongewa mawe. Wengi majina yao hayakuandikwa popote. Na hili si lawama yangu mimi peke yangu. Mwezi Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti, ikakiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao, ikaomba radhi. Miaka zaidi ya mia ilikuwa imepita.

Ukitoka Kisaki ukashuka kusini kidogo unafika Beho Beho. Pale, mwezi Januari 1917, aliuawa Kapteni Frederick Selous, mwindaji maarufu wa Kiingereza. Kaburi lake lipo, na pori lote lile lilibeba jina lake kwa karibu miaka mia, mpaka mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilipokuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Simwonei wivu marehemu. Nasema tu kwamba njia iliyotumika kuvifikisha vyakula na risasi upande ule ilipita migongoni mwa watu, na hakuna hata mti mmoja ulioitwa kwa jina la mmoja wao.

Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, ile ya shaba, tangu mwaka 1927. Maneno yaliyoandikwa chini yake kwa Kiingereza na Kiswahili, yanawataja wapagazi pia. Ni vizuri. Lakini ukiinua macho unayemwona juu ni mtu mwenye bunduki. Mwenye shoka na mwenye mzigo wametajwa kwa maandishi tu.

Vita Kuu ya Pili mambo yalisogea kidogo. Safari hii palikuwa na kikosi chenye jina lake, Wahandisi wa Afrika Mashariki, na askari wetu walikwenda mpaka Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivaa begani kichwa cha kifaru, mnyama wa kwetu, na mwishoni mwa mwaka 1944 ilifika mto Chindwin, mahali paitwapo Kalewa. Pale likaungwa daraja la chuma la kuelea lililohesabiwa wakati ule kuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani. Mzee aliyerudi kutoka Burma na kile kifaru begani angeweza kumwonyesha mjukuu wake. Baba yake, aliyebeba mizigo mwaka 1916, hakuwa na cha kuonyesha.

Sasa tusogee kwenye jembe. Maana nimetaja shoka sana.

Wazee wa Matombo mnaikumbuka habari ya mwaka 1955, au mmeisikia kwa wazazi wenu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Watu wakaamriwa wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko, kuzuia udongo usisombwe na mvua kwenda mtoni. Kwenye karatasi lilionekana jambo la maana. Lilikuwa, tuseme, uhandisi wa mlima. Lakini wakulima wa Uluguru waliijua milima yao. Waliona kwamba ukichimba ngazi kule unaleta juu udongo usio na rutuba na unaufukia ule mzuri, mazao yanadhoofu. Juu ya hilo ilikuwa kazi ya kulazimishwa. Mwezi Julai mwaka ule watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Mkoloni alilitaka jembe la Mluguru, lakini elimu ya mwenye jembe hakuitaka.

Miaka sita tu baada ya hapo, nchi ikapata uhuru. Na taifa jipya lilipokaa chini kujichorea ngao yake, liliweka nini?

Kama una pasipoti karibu, au barua yoyote ya serikali, itazame sasa hivi. Nitasubiri. Unaona mwanamume na mwanamke, wameshika pembe za ndovu zilizoizunguka ngao. Chini ni Mlima Kilimanjaro. Kwenye ngao, juu kabisa, ni rangi ya dhahabu na mwenge. Chini yake bendera. Chini ya bendera kuna sehemu nyekundu, udongo wetu, na hapo ndipo ninapotaka uweke kidole. Shoka na jembe vimepishana, mkuki umesimama wima katikati. Kisha mawimbi ya buluu na meupe. Maelezo rasmi yanasema mkuki ni ulinzi wa uhuru, na shoka na jembe ni zana ambazo watu wa nchi hii wanajengea nchi yao.

Je, hujaona kitu? Shoka lililopishana na chombo kingine cha kazi, na silaha katikati yake. Kwingineko alama inayofanana na hiyo ni beji ya mhandisi wa jeshi, inavaliwa na watu wachache waliosomea. Kwetu imewekwa kwenye ngao ya taifa zima. Nchi hii ilipojipa alama haikuchukua simba, haikuchukua tai. Ilichukua zana za yule mtu wa barabara ya Matombo na kuziweka pamoja na mkuki, kwa heshima sawa. Mimi kila nikiitazama ngao ile naona kisahani cha namba kimevuliwa shingoni na pale pake pamewekwa beji.

Nitaje kidogo jambo la huzuni. Hata aliyeichora ngao hiyo amekuwa akibishaniwa. Mzee Francis Kanyasu, tuliyemfahamu kwa jina la Ngosha, aliyefariki dunia Muhimbili mwezi Mei 2017, alieleza kwamba ni kazi ya mkono wake, na wengine pia wametajwa. Kazi ya mikono tunaijua na tunaitumia kila siku, ila mwenye mikono tunamsahau haraka mno.

Hata hivyo ipo siku moja kwa mwaka ambapo shoka linapewa haki yake hadharani. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Wengi mnaitazama kwenye televisheni na kuipita kama gwaride lingine. Safari ijayo itazameni polepole. Tarumbeta inapigwa, watu wote wamesimama kimya, kisha viongozi wanakwenda mmoja mmoja mbele ya mnara. Rais anaweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua. Meya wa jiji anaweka upinde na mshale. Halafu anakwenda mzee, mwakilishi wa wale waliopigana vita. Na mzee huyo hakupewa bunduki wala upanga. Anaweka shoka.

Sijaona katika nchi nyingine ibada ya kijeshi yenye kitu kama hicho. Mtu aliyevijua vita kwa mwili wake ndiye anayekabidhiwa chombo cha kukata mti, na mbele ya mnara wa mashujaa shoka linalala kando ya mkuki wa Rais.

Na wapo wanaostahili. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipolipua daraja la Kyaka kwenye mto Kagera, yalidhani yameikata nchi vipande viwili. Wahandisi wetu wa Jeshi la Wananchi wakatandika njia nyingine juu ya maji, vifaru na mizinga vikavuka, na mengine mnayajua. Wale wa mbele walipata majina. Lakini hakuna aliyefika ng'ambo ya Kagera bila kukanyaga kazi ya mhandisi kwanza. Na hata siku za amani ni wao tunaowaona: Desemba 2023 matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika Katesh, askari walikuwemo kwenye tope, wakifukua na kufungua njia.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Wengi mnaijua barabara ya kutoka Bigwa kwenda Kisaki. Unapita Kiroka, unapita Mkuyuni, pembeni ndizi, mananasi na mafenesi yamepangwa chini yakisubiri mnunuzi. Unapanda Matombo, unashuka Mvuha, unaendelea. Masika ikichachamaa, kipande kinakatika, na kabla greda halijafika unawakuta wananchi wametoka na majembe, sururu na mabeleshi, wanajaza mawe ili bodaboda iliyobeba mgonjwa ipite. Kazi ni ile ile ya mwaka 1916, ila sasa hakuna anayewashikia kiboko.

Naomba kwenye barabara hiyo pawekwe jiwe. Si lazima liwe kubwa, wala halihitaji mfadhili kutoka nje. Jiwe la mlima wetu wenyewe, lichongwe shoka na jembe vilivyopishana. Sisemi tuchonge Nembo ya Taifa yenyewe, kwa sababu ile ina sheria yake na ni vyema iheshimiwe. Nasema shoka na jembe tu, na maneno machache ya Kiswahili ya kuwataja wapagazi na vibarua waliopita na kufanya kazi katika milima hii, na mtu wa Matombo aliyekufa mwaka 1955 akitetea udongo wake. Halmashauri zetu mnanisikia. Walimu wa historia mnanisikia. Mafundi mawe wa Morogoro, ninyi mnaochonga kokoto mchana kutwa juani, mnanisikia pia, na kazi hii ningependa iwe ya mikono yenu.

Lipo pia jambo la kuanza nalo usiku huu, lisilosubiri kikao. Kama nyumbani kwenu kuna bibi au babu aliyesimuliwa habari za babu yake aliyechukuliwa upagazi, muulize jina. Jina lake kamili, ukoo wake, kijiji alichotoka, alikopelekwa, na kama alirudi. Iandike kwenye daftari la shule, tarehe na jina la aliyekusimulia. Wale wa ukoo wa mama mnajua zaidi, maana Uluguru ukoo unakwenda kwa mama, na akina mama ndio waliobaki wakilia. Majina hayo yaleteni hapa studio au mpelekeeni mwalimu wa shule iliyo karibu nanyi. Tutayasoma hewani, moja baada ya jingine, kila wiki, hata kama yatakuwa matatu.